Bei ya Kuvuka Mto

Katika kipindi cha tisa cha msimu wa kwanza wa Game of Thrones yapo mapigano mawili makubwa, na mtazamaji haonyeshwi hata moja. Tyrion Lannister, mfupi wa kimo na mrefu wa ulimi, anakwenda uwanjani pamoja na wapiganaji wa milimani aliokutana nao njiani. Kabla hajafanya lolote, mmoja wa watu wa upande wake anampiga nyundo ya kichwa kwa bahati mbaya, naye anazirai. Anapofumbua macho mambo yamekwisha: maiti zimetapakaa, na baba yake, Tywin, yuko juu ya farasi akiwa na hasira kwa kugundua kuwa amepigana na chambo cha watu 2,000 tu, ilhali jeshi lenyewe limepita kwingine. Huko kwingine Robb Stark, kiongozi wa jeshi hilo, anamteka Jaime Lannister, kaka yake Tyrion. Sisi tunachoona ni mama yake Robb akingoja msituni, kisha vijana wanatokeza mitini wakimburuta mateka.

Hakukuwa na falsafa yoyote katika uamuzi huo. Fedha hazikutosha. Katika kitabu cha George R. R. Martin kilichozaa tamthilia hii, Tyrion anapigana. Kwenye televisheni ilibidi azimie, kwa kuwa farasi, ngao na mamia ya watu wa kujaza uwanja ni gharama ambayo tamthilia changa isiyojua kama itapendwa haiwezi kuibeba. Na bado hicho ndicho kipindi ninachokirudia mara kwa mara, huku vile vya miaka ya mwisho, vyenye majoka ya kila pembe na moto usiokwisha, nikivitazama kwa subira ya mtu anayesikiliza hotuba.

Kilirushwa Marekani tarehe 12 Juni 2011, na wengi wanakikumbuka kwa kichwa cha Ned Stark, baba yake Robb. Ni haki yao. Sean Bean, aliyemwigiza, ndiye aliyebandikwa kwenye mabango ya matangazo, ameketi juu ya Kiti cha Chuma. Mtazamaji alikwisha kukubaliana na nafsi yake kwamba huyu ndiye mhusika mkuu, na mhusika mkuu huponea chupuchupu. Upanga ukashuka. Lakini mimi hunasa kwenye dakika chache zilizotangulia, ambazo hazina damu wala kilio. Ndani yake yumo mzee mmoja, mchafu wa kauli, mwenye daraja.

Mzee huyo ni Walder Frey. Robb anataka kulivusha jeshi lake kwenda kusini, na mto umekatiza. Daraja ni moja, lina ngome kila ukingo, na Walder ndiye mwenyewe. Hakuna uchawi wa kuuvuka mto ule, hakuna tai wa kuwabeba watu. Inabidi mtu aingie ndani akazungumze. Mama yake Robb, Catelyn, anaingia, anavumilia maneno ya mzee, na anatoka na orodha ya masharti: mtoto wa Frey achukuliwe kuwa msaidizi wa Robb, binti yake Catelyn, Arya, aolewe katika ukoo huo, na Robb mwenyewe, vita vikiisha, amwoe mmoja wa mabinti. Robb anauliza kama mama amewaona hao mabinti. Mama anatafuta neno la kusema na halipati. Tunacheka kidogo, jeshi linavuka, na hadithi inasonga mbele.

Vipindi 20 baadaye, tarehe 2 Juni 2013, bei ya kuvuka ikaja kudaiwa. Robb alikuwa amekwisha kumwoa mwanamke mwingine, kwa mapenzi. Frey akakubali kufidiwa kwa harusi ya mjomba wa Robb, akafungua milango, akakaribisha. Wageni walikwisha kula mkate na chumvi ya mwenyeji, na katika nchi ile, kama katika nchi nyingi, aliyekula chakula chako haguswi. Kisha mlango wa ukumbi ukafungwa. Wapiga muziki wakabadilisha wimbo. Catelyn akaigusa nguo ya bwana aliyeketi karibu naye na kukuta chini ya mkono wa joho kuna vazi la chuma. Martin amesema wazo alilitoa katika historia ya Scotland: karamu ya mwaka 1440 ambako vijana wa ukoo wa Douglas walialikwa mezani kwa mfalme kisha wakauawa, na mauaji ya Glencoe ya mwaka 1692, ambako wageni waliolala kwa siku kadhaa katika nyumba za wenyeji wao waliamka usiku kuwaua.

Watu walioitazama harusi hiyo kwa mara ya kwanza walijirekodi wakipiga mayowe, na kwa muda ilisemwa kwamba nguvu ya tamthilia hii ni ujasiri wa kuua watu tunaowapenda. Sikubali. Kuua mhusika ni kazi rahisi. Mwandishi yeyote mwenye kalamu anaweza. Kilichoumiza ni kwamba ukirudi nyuma unakuta kila kitu kimeandikwa, kama daftari la mkopo la mwenye duka: tarehe, jina, kiasi, saini. Robb alikopa kivuko akalipa kwa ahadi, na ahadi akaivunja. Hakuna aliyetuficha. Tulikuwepo wakati mama anasoma masharti, tukacheka.

Hiyo ndiyo sifa ninayoiona kubwa kuliko zote katika misimu ile ya mwanzo. Ni tamthilia ya majoka ambamo majoka hayana haraka ya kukua, na mambo yanayoendesha watu ni ya kawaida kabisa: barabara, nafaka ya kuvukia kipupwe, mahari, nani anamdai nani. Mfalme Robert anapofanya mashindano ya farasi, tunaambiwa serikali yake inadaiwa vipande milioni 6 vya dhahabu, nusu yake na baba mkwe wake, Tywin. Hapo tu unajua ufalme huu una mwenye mali na si yule aliyevaa taji. Dawa ya deni ni kulipa, na ukoo wa Lannister umejijengea jina zima juu ya maana hiyo, katika wema na katika kisasi.

Ufukara wa fedha nao ulizaa jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Baadhi ya vipindi vya msimu wa kwanza vilitoka vifupi kuliko urefu uliotakiwa, basi waandishi, David Benioff na D. B. Weiss, wakalazimika kuongeza matukio ya watu wawili chumbani, kwa sababu chumba na waigizaji wawili ni rahisi. Moja ya matukio hayo halimo kitabuni: mfalme na malkia, waliooana kwa miaka mingi bila kupendana, wanakaa na divai na kuongea kwa mara ya kwanza kama watu wazima. Robert anakiri kwamba bado anamlilia mwanamke aliyekufa zamani. Cersei anauliza kama palikuwa na wakati wowote ambapo wao wawili wangeweza kuwa kitu. Jibu ni hapana, naye anaambiwa hivyo usoni. Mark Addy na Lena Headey hawafanyi chochote cha ajabu. Wanakunywa, wanatabasamu pasipo furaha. Baada ya hapo sikuweza tena kumwona Cersei kama nyoka wa hadithi tu, na kwa miaka minane Headey aliishi kwa akiba iliyowekwa katika dakika zile.

Nije kwenye umbali, maana hapo ndipo hoja yangu ilipo.

Hadithi ya kubuni haina wajibu wa kuheshimu ramani. Katika Alfu Lela Ulela kijana Hasan analala Basra na kuamka Cairo, amebebwa na jini usiku mmoja, na msomaji hana swali. Bibi anayesimulia hadithi huipita nyika ya miezi mitatu kwa kuvuta sauti: akaenda, akaenda, akaenda, na watoto wakaridhika kwamba ni mbali. Hizo ni sheria, na kila hadithi hujiwekea zake. Game of Thrones ilijiwekea sheria ya kuhesabu maili. Ilianza kila kipindi kwa ramani, ikitupitisha juu ya miji na bahari huku muziki wa Ramin Djawadi ukipiga, kana kwamba inasema: haya, jueni mnasafiri. Mfalme anachukua mwezi mzima kufika kaskazini. Ukuta wa barafu, ambao Martin aliupata moyoni baada ya kusimama juu ya ukuta wa Warumi kaskazini mwa Uingereza mwaka 1981, ni mbali kiasi kwamba walio kusini hawaamini kinachotokea huko, na kutoamini huko ndiko kunakokaribia kuwaangamiza. Arya na Mbwa, yule askari mwenye uso ulioungua, wanatembea msimu na nusu, na katika kutembea huko mtoto anajifunza kuua. Umbali ndio uliokuwa ukifinyanga watu. Anayepaswa kutembea siku arobaini ana siku arobaini za kubadili mawazo, kuumwa na kusalitiwa, na njiani hukutana na mtu ambaye hakumtarajia.

Maelezo ya kawaida ya kuporomoka kwake ni kwamba vitabu viliwaishia. Ni kweli kwa kiasi. Kitabu cha tano kilitoka Julai 2011, mwezi mmoja tu baada ya msimu wa kwanza kuisha, na kufikia mwaka 2016 waandishi wa televisheni walikuwa wamempita Martin, wakiendelea kwa muhtasari wa mdomo wa mambo yatakayokuja. Lakini maelezo hayo yananitatiza. Shambulio la wafu katika kijiji cha Hardhome, mwaka 2015, kitabuni limesikika kwa mbali tu, kwa barua. Miguel Sapochnik alilipiga picha kwa namna ambayo sijaona mfano wake kwenye televisheni, na linaisha kwa ukimya wa wafu wanaoinuka mbele ya mashua inayoondoka. Mazungumzo ya Robert na Cersei hayakuwa na kitabu. Waliweza kuandika bila Martin. Walichokosa ni kitu kingine, nami nadhani najua kilipotoka.

Kilitoka katika kipindi cha mwisho cha msimu wa sita, Juni 2016. Watu wengi wanakihesabu kuwa kizuri kuliko vyote, na kwa macho na masikio nami sibishi. Kinaanza kwa piano, chombo ambacho Djawadi hakuwa amekitumia kabla ya hapo katika tamthilia nzima, noti moja moja, huku watu wakivaa nguo kwenda kwenye kesi ya malkia ndani ya hekalu kuu. Cersei hatoki nyumbani kwake. Anakunywa divai dirishani. Chini ya hekalu mishumaa inaungua kuelekea kwenye mapipa. Kisha hekalu, viongozi wa dini, malkia kijana Margaery na nusu ya wakubwa wa mji wanageuka moshi wa kijani kibichi. Mwanawe Cersei, mfalme, anautazama ule moshi, anavua taji, anatoka, anarudi, anajitupa. Hasemi neno. Ni uongozaji wa hali ya juu.

Sasa fungua lile daftari. Waumini wa hekalu lile, msimu mmoja kabla, walikuwa na nguvu ya kumvua malkia nguo na kumtembeza mitaani uchi huku mji mzima ukimtemea mate. Hekalu lao limelipuliwa, kiongozi wao ameunguzwa, na aliyefanya hivyo anajulikana na kila mtu. Kesho yake wanafanya nini? Hawafanyi kitu. Hakuna ghasia, hakuna mgomo wa mikate, hakuna padri mmoja aliyetorokea kijijini kuhubiri kisasi. Dini nzima inatoweka katika hadithi kwa kuwa jengo lake limetoweka. Mwaka 2011 kifo cha mtu mmoja kilikoleza vita hadi vikawa vya wafalme watano. Mwaka 2016 Cersei anaua mamia na anavikwa taji ndani ya kipindi kile kile.

Katika kipindi hicho hicho Varys, bingwa wa ujasusi, yuko Dorne, kusini kabisa, akipanga njama na wajane. Dakika chache baadaye yuko kwenye jahazi la Daenerys, malkia mwenye majoka, akitoka upande wa pili wa bahari. Na katika kipindi hicho hicho Arya, ambaye tulimwacha ng'ambo ya bahari vipindi viwili nyuma, anatokea ukumbini kwa Walder Frey, anamlisha nyama ya wanawe ndani ya mkate na kumchinja. Nilishangilia, kama kila mtu. Lakini tazama nani anauawa: ni mwenye daraja. Mwanzoni mwa msimu uliofuata Arya anaumaliza kwa sumu uzao wake wa kiume, na hakuna anayeuliza nani anashika kivuko sasa, nani anatoza, jeshi litakalotaka kupita litazungumza na nani. Tangu hapo hakuna aliyelipia kuvuka chochote. Katika msimu huo huo, kijana mmoja anakimbia theluji hadi Ukutani, kunguru anarushwa kuvuka nusu ya bara, na Daenerys anafika na majoka kabla wenzake hawajafa kwa baridi juu ya kijiwe cha barafu. Meli za haramia Euron zinatokea popote zinapohitajika. Kwamba misimu miwili ya mwisho ilikuwa na vipindi 7 na 6 badala ya 10 kulichangia, lakini sioni kama chanzo. Waandishi wenyewe ndio waliochagua idadi hiyo. HBO ilikuwa tayari kulipia zaidi.

Kuna eneo jingine ambako nguvu na udhaifu wa tamthilia hii vimefumwa pamoja, na kwa msomaji wa Afrika Mashariki si rahisi kulipita. Daenerys anavuka miji ya watumwa akiwaacha huru watu. Mji wa kwanza, Astapor, ulipigwa picha Essaouira, Morocco. Msimu wa tatu unaishia na binti huyo mweupe, nywele za fedha, akinyanyuliwa mabegani na bahari ya watu weusi na weusi wa maji ya kunde wanaomwita mama. Kamera inapanda juu ili tuone alivyo nukta moja nyeupe katikati yao. Nadhani waliokusudia picha ile waliiona nzuri. Mimi iliniacha nikitafuta jina la mtu hata mmoja katika umati ule.

Na hata hivyo msimu uliofuata ulileta mzee mmoja, mwalimu aliyekuwa mtumwa, anayepiga magoti mbele ya Daenerys kuomba ruhusa ya kurudi kwa bwana wake. Alikuwa na watoto wa kufundisha, na alikuwa na heshima yake. Sasa analala katika makambi ambako vijana wanawanyang'anya wazee. Daenerys hana jibu; anamruhusu mkataba wa mwaka mmoja, na mshauri wake anamwambia mabwana watautumia mwanya huo. Hapo tamthilia iligusa jambo ambalo historia yetu inalijua vizuri. Amri ya kukomesha utumwa Unguja na Pemba ilipotolewa mwaka 1897, aliyetaka uhuru alipaswa kwenda kuuomba mahakamani, na wengi walibaki kwenye mashamba yale yale ya mikarafuu kwa masharti mapya, chini ya mabwana wale wale. Swali la atakula nini kesho aliyeachwa huru leo ni zito kuliko joka lolote, na kwa dakika tano za msimu wa nne lilikaa mbele yetu bila kupakwa sukari. Kisha likaachwa. Meereen, mji aliokuwa akiutawala, ikageuka mji wa wauaji waliovaa vinyago vya dhahabu, na hatimaye Daenerys alipoondoka aliukabidhi kwa mpenzi wake na kutweka tanga.

Missandei, mkalimani wake, alikuwa karibu mwanamke pekee mweusi mwenye nafasi katika hadithi. Nathalie Emmanuel alimpa utulivu wa mtu anayefikiri kwa lugha 19 na kusema kwa moja tu inayohitajika. Alizaliwa kisiwani, akatekwa utotoni, akaachwa huru. Msimu wa mwisho ukamrudisha kwenye minyororo na kumkata kichwa juu ya ukuta, ili Daenerys apate sababu ya kukasirika. Nimesikia utetezi kwamba katika hadithi hii kila mtu hufa. Ndiyo, lakini Ned alikufa kwa kosa lake mwenyewe na Robb kwa ahadi yake mwenyewe. Missandei alikufa kwa haja ya mtu mwingine.

Haja ya mtu mwingine ndiyo iliyomtesa Sansa, dada yake Robb, pia. Mwaka 2015 usiku wa ndoa yake na Ramsay ulionyeshwa kupitia uso wa Theon, mwanamume aliyelazimishwa kutazama, kana kwamba maumivu makubwa chumbani mle ni ya shahidi. Katika vipindi vyote 73 mwanamke aliyeongoza ni mmoja tu, Michelle MacLaren, vipindi 4. Sisemi hesabu hiyo inaeleza kila kitu. Nasema tu kwamba mtu angeweza kuuliza, siku ile ya kupiga picha, kwa nini kamera inageukia huko.

Kuhusu vita kuu dhidi ya wafu, kipindi cha tatu cha msimu wa mwisho, nina machache. Kilipigwa kwa usiku 55, na kilipotoka watu hawakuona kitu. Giza lilikuwa giza hasa, na waliokuwa wakitazama kwa faili zilizobanwa kwenye flashi waliambulia sauti za panga. Mpiga picha, Fabian Wagner, alijitetea kwamba tatizo ni televisheni za watu zilivyorekebishwa na jinsi picha zinavyobanwa zikirushwa. Huenda. Ajabu ni kwamba mwaka 2011 hawakuwa na fedha za kutuonyesha mapigano, na mwaka 2019 walikuwa nazo tele na bado hatukuyaona. Lakini picha moja niliiona vizuri: wapanda farasi wa Dothraki, panga zimewashwa moto, wanakwenda mbio kuingia gizani, na kwa mbali miali inazimika mmoja mmoja hadi wote. Ingekuwa kipindi chote kina ubahili ule, nisingelalamika.

Kinachobishaniwa hadi leo ni kengele. Mji mkuu umesalimu amri, kengele zinalia, Daenerys yuko juu ya joka, ameshinda. Anauchoma mji. Wengi walisema haiwezekani, huyu aliwaachia watumwa. Zaidi ya watu milioni 1.5 wakatia saini ombi la kutaka msimu uandikwe upya. Mimi sina tatizo na alichofanya. Msimu wa kwanza alimchoma mwanamke akiwa hai kwenye kuni za mazishi. Aliwasulubu mabwana 163 bila kuuliza nani alifanya nini. Aliwaunguza baba na mwana waliokataa kupiga magoti. Mbegu zilikuwepo, zimepandwa na kumwagiliwa. Shida yangu ni uso wake. Emilia Clarke anapewa sekunde chache za kuhema juu ya joka, akilitazama jumba la baba zake, kisha joka linaruka na kamera inamwacha. Kwa muda wote uliobaki wa kipindi yeye ni kivuli angani, na sisi tuko mtaani na Arya, katika majivu na mayowe. Ni kweli kwamba vita huonekana hivyo na waliomo chini, na Sapochnik alilipiga jambo hilo vizuri. Lakini hii ni tamthilia iliyomketisha malkia aliyechukiwa kitini akanywa divai mpaka tukamwelewa. Kwa mwanamke huyu, saa ambayo tulimhitaji zaidi ya zote, hakukuwa na kiti wala chumba. Ningevumilia mji uchomwe kwa robo ya muda ule, kama ningepewa robo nyingine ya kumtazama yeye akiuchoma.

Kisha wakubwa waliosalia wanakutana chini ya mwavuli kuchagua mfalme. Tyrion, amefungwa minyororo, anawashawishi kwa hoja kwamba kinachowaunganisha watu ni hadithi, na hakuna mwenye hadithi bora kuliko Bran, mdogo wake Robb. Ni hoja nzuri kwa mwandishi kuitoa, ingawa Bran hakuonekana kabisa katika msimu mzima wa tano. Aliwekwa pembeni vipindi 10 kwa kuwa hawakuwa na la kumfanyia, na aliporudi kazi yake kubwa ilikuwa kukodoa macho. Kama hadithi yake ilikuwa bora kuliko zote, haikusimuliwa mbele yetu. Kabla ya hapo, msomi Samwell anainuka akiwa na haya na kupendekeza kwamba kwa kuwa mfalme atatawala watu wote, labda watu wote waulizwe. Wakubwa wanacheka. Mmoja anasema labda na mbwa nao wapewe kura. Waandishi nao wanacheka, unaisikia. Lile ni tukio la kupumzisha watazamaji baada ya moto. Maelfu ya watu wa mji ule walikuwa wamechomwa katika kipindi kilichotangulia, na waliobaki walikuwa mahali fulani wakifukua majivu, mtu na nduguye, mtu na jirani. Hakuna aliyekwenda kuwauliza chochote, si Samwell wala kamera.